Droni za uokoaji: Bei si ya ndege peke yake

MILIPUKO ya mabomu kwenye kambi ya jeshi ya Gongo la Mboto, usiku wa Februari 16, 2011, iliua watu zaidi ya 20. Maelfu walikimbia gizani na watoto wengi wakapotezana na wazazi wao.

Bidhaa inayolenga mahitaji ya aina hiyo imekwishaanza kujaribiwa. Mwaka 2021, watafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani walieleza jinsi droni iliyofungwa vinasa sauti vidogo vingi inavyoweza kutambua mayowe na upande yanakotokea. Kompyuta huchuja kelele za mapanga ya droni yenyewe na upepo.

Hata hivyo, mnunuzi asiuziwe mbuzi kwenye gunia. Droni husikia aliye juu ya ardhi. Kwa waliofukiwa, kama katika ghorofa lililoporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024, ambako zaidi ya watu 80 waliokolewa, vinahitajika vifaa vya kusikiliza vinavyowekwa juu ya kifusi chenyewe.

Aidha, gharama haziishii dukani. Kuna betri za akiba, mafunzo ya warushaji na vibali vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA). Gongo la Mboto iko jirani na Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, hivyo utaratibu wa kurusha wakati wa dharura hauna budi kukubaliwa mapema.

Bidhaa hii hainunuliwi siku ya maafa.