Maembe ya Kupika kwa Uji wa Asubuhi

Msimu wa maembe ukifika, maembe mengi huozea chini ya miti. Nyumbani, mtoto hunywa uji mtupu. Hii ni hasara.

Embe bivu lina rangi ya manjano. Mwili huigeuza rangi hiyo kuwa vitamini A, ambayo hulinda macho. Mtoto akiikosa, haoni vizuri jioni. Asipotibiwa, anaweza kuwa kipofu.

Fanya hivi:

Nawa mikono kwa sabuni. Osha maembe mabivu 4. Yaliyooza usitumie. Menya, kisha katakata vipande vidogo. Weka sufuriani na maji nusu kikombe. Tia kijiti kimoja cha mdalasini na punje za iliki 2 zilizotwangwa. Funika, pika kwa moto mdogo dakika 10 hadi 15. Koroga yasiungue. Toa mdalasini. Sukari haihitajiki.

Weka vijiko 2 au 3 juu ya uji. Mtoto aliyetimiza miezi 6 mpondee mpaka yalainike. Katika uji tia karanga zilizosagwa, kwa sababu mwili hauwezi kuitumia vizuri vitamini A bila mafuta.

Pika ya kutosha siku moja tu. Yakilala huharibika na kuleta kuhara. Mchana mpe mtoto tunda bichi lililooshwa, maana moto hupunguza vitamini C.

Mtoto akijikwaa jioni kwa kutoona, usingoje. Mpeleke zahanati kesho yake asubuhi.