Upasuaji wa Saratani ya Tumbo (3): Mrija wa Nyongo Usipokuwa Mahali Pake

Sehemu iliyotangulia ilieleza namna sehemu ya chini ya tumbo, yaani ule mfuko upokeao chakula kutoka kwenye umio, inavyoondolewa pamoja na tezi za limfu zinazoizunguka, zikiwamo zile zinazoandamana na mshipa wa damu uendao kwenye ini, jirani kabisa na mrija wa nyongo. Mrija huo kwa kawaida hupita nyuma ya duodeni, kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba, ukajipenyeza kwenye kongosho na kumwaga nyongo takribani sentimita 8 hadi 10 kutoka mlango wa kutokea tumboni. Na kwa kuwa duodeni hukatwa karibu sana na mlango huo, mrija husalimika.

Kwa watu wachache, hata hivyo, mrija hufunguka palepale mwanzoni mwa duodeni au, kwa nadra zaidi, ndani ya tumbo lenyewe, hivyo kukata mahali pa siku zote huweza kuujeruhi au kuuziba. Nyongo ikivuja humwagika ndani ya fumbatio na kuunguza utando wake; ikizibwa hurudi kwenye damu, macho yakageuka manjano. Dalili za tahadhari zipo, kama vile vidonda vya duodeni vinavyojirudia, hewa ndani ya mirija ya nyongo, au mrija uliopinda mwishoni kama ndoana, ila ni rahisi kupitwa nazo, kwa maana picha za kabla ya upasuaji hupigwa hasa ili kujua saratani imeenea wapi.

Daktari anayekuta mrija asioutambua hana budi kusimama, asikate wala kufunga chochote. Sindano nyembamba ikivuta damu, hicho ni mshipa. Ikivuta majimaji ya manjano yenye ukijani, ni nyongo. Kisha dawa inayoonekana kwenye eksirei huingizwa katika mirija, picha ikapigwa mgonjwa akiwa bado mezani, hatua ambayo mwenye haraka huiona kuwa ni kupoteza muda.

Tundu la mrija likiwa mbali na uvimbe, duodeni hukatwa juu yake na mrija ukaachwa ulivyo. Likiwa karibu, kuliacha ni kuiacha saratani. Kwa hiyo mrija hukatwa na kuunganishwa na utumbo mwembamba uliopangwa kwa umbo la herufi Y, njia inayobeba jina la César Roux wa Uswisi. Mshono huo ni wa bingwa aliyezoea mirija ya nyongo, naye aitwe mapema, kwa kuwa jeraha linalogunduliwa siku kadhaa baadaye humrudisha mgonjwa chumba cha upasuaji na kuchelewesha dawa za saratani.

Sehemu ya nne itahusu lishe baada ya tumbo kuondolewa.