Ritifaa: alama ndogo inayoweza kupotosha jina

Mashindano ya Olimpiki yaliyofanyika Sydney, Australia, mwaka 2000 yaliwakutanisha wanamichezo zaidi ya 10,000. Miongoni mwa walioondoka na medali walikuwemo mwogeleaji wa Australia Susan O'Neill, aliyetwaa dhahabu ya mita 200 mtindo huru, na Sonia O'Sullivan wa Ireland, aliyepata fedha katika mbio za mita 5,000.

Majina yao yana jambo moja linalofanana: ndani yake mna ritifaa. Kwa msomaji hiyo ni alama tu. Kwa kompyuta inayoingiza maelfu ya majina kwa mkupuo katika kanzidata, yaani ghala la kumbukumbu, inaweza kuwa amri.

Suala hilo linawagusa pia watu wa Afrika Mashariki, nyumbani na ughaibuni, wenye majina kama Ng'ang'a, Nyong'o na Thiong'o.

Chanzo cha kosa

Katika SQL, lugha inayotumika kuziamuru kanzidata nyingi, maneno hufungwa kati ya ritifaa mbili. Kompyuta ikisoma 'Ng'ang'a', huamini kuwa jina limekwisha baada ya herufi mbili za mwanzo. Yanayofuata huyachukulia kuwa amri isiyoeleweka, na kazi yote husimama.

Dawa yake ni kuirudia alama hiyo: 'Ng''ang''a'. Hapo kompyuta hutambua kuwa ritifaa mbili zinazofuatana ni sehemu ya jina, na huhifadhi moja tu.

Kila mlango na kanuni yake

Data nyingi, hata hivyo, hupakiwa kutoka katika faili za CSV, ambazo hutenganisha safu kwa mkato. Mwongozo wa RFC 4180, uliotolewa Oktoba mwaka 2005, unaeleza kuwa safu yenye mkato au mstari mpya ndani yake ifungwe kwa alama za kunukuu ("), na alama hiyo ikitokea ndani ya safu irudiwe. Ritifaa haihitaji kinga yoyote.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Anayerudia ritifaa katika faili hiyo kwa mazoea ya SQL huishia kuhifadhi Ng''ang''a, na kompyuta haitoi onyo lolote.

Amri ya LOAD DATA ya MySQL, na ile ya COPY ya PostgreSQL katika mfumo wa maandishi, kwa kawaida huutumia mkwaju wa nyuma (\) kama kinga. Kwa hiyo mkwaju ulio sehemu ya data hauna budi kurudiwa. La sivyo, \n hugeuka mstari mpya, na safu yenye \N peke yake huhesabiwa kuwa haina kitu.

Kufuta si dawa

Wapo wanaoona ni rahisi kuiondoa ritifaa. Mjini Sydney kwenyewe, vitongoji vya Kings Cross na Rushcutters Bay huandikwa bila alama hiyo, ingawa barabara ya O'Connell imebaki nayo.

Lakini katika Kiswahili ritifaa hubadili maana: kung'oa ni kutoa kitu kilichoshika mizizi, ilhali ngoa ni wivu. Tena, jina la pasipoti lisipolingana na la benki au chuo, mtu mmoja huweza kuonekana kuwa wawili, na mzigo wa kuthibitisha humwangukia mwenye jina.

Upo pia upande wa usalama. Tangu mwaka 1998 imeelezwa hadharani jinsi mhalifu anavyoweza kutumia ritifaa kupenyeza amri zake. Ndiyo maana waandishi wa programu huaswa kutenganisha data na amri badala ya kuziunganisha kwa mkono.

Kabla ya kupakia kumbukumbu zote, ni busara kuanza na mistari michache yenye ritifaa, mkato na mkwaju, kisha kuitoa tena na kuilinganisha na faili ya awali. Ng'ang'a akitoka kama alivyoingia, kazi inaweza kuendelea.