Utangulizi: Mtoto Akikosewa na Dadu

Mtoto wa miaka sita anacheza ludo. Dadake ameshafikisha kete tatu nyumbani, na yeye bado anarusha dadu akiitafuta sita ya kutolea kete ya kwanza. Machozi yanamlengalenga. Taaluma ya michezo ya kifamilia ninayokukaribisha humu huanzia kwa mtoto huyo, na kwa maneno ambayo wakubwa walioketi naye watamwambia.

Mwaka 1958 Mfaransa Roger Caillois aligawa michezo katika mafungu manne. Mawili yatatushughulisha sana: michezo ya kushindana kwa uwezo na michezo ya bahati. Bao letu, lenye mashimo 32 na kete 64, halina dadu. Aliyefungwa anaweza kurudia hesabu zake akaona alipoteleza. Kwenye ludo, dadu ikikataa hapana cha kurudia. Kumwambia mtoto "hukufikiria" ni kumdhulumu, na nadhani wengi wanaoiba zamu au kupindua ubao wamechoka kulaumiwa kwa jambo wasilolitenda.

Kitabu hiki kimekita mguu Kulamawe, Isiolo, katika nchi ya wafugaji Waborana, ambao juu ya bahati mbaya wana mengi ya kutufunza. Tangu mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo na mifugo mingi ikafa kaskazini mwa Kenya. Waborana wana desturi iitwayo busa gonofa: aliyepotelewa na mifugo huchangiwa na ukoo wake wanyama wa kuanzia upya. Njia ya kurudi imewekwa kabla ya msiba kufika.

Familia nayo yaweza kuweka njia kama hiyo kwenye mkeka. Mkubaliane mapema kwamba atakayekosa sita kwa mizunguko mitatu atatoa kete moja, awe mtoto au babu. Hilo ni bora mno kuliko mkubwa kujifungisha makusudi, maana watoto hung'amua upesi, na ushindi wa kupewa hauwaburudishi.

Zipo nyumba za Waislamu zisizoruhusu dadu kwa sababu za kidini, na uamuzi huo uheshimiwe. Kubahatisha kokoto imefichwa kiganja kipi kunatosha kwa michezo mingi tutakayoieleza.

Sura ya kwanza inahusu wakubwa: wanavyopokea kushindwa wao wenyewe, watoto wakiwatazama.