Ayurveda na kinu cha sombe: afya ya kila siku Kisangani

Elimu ya afya ya Wahindi, Ayurveda, imetufikia Afrika ikiwa ndani ya chupa: vidonge, unga wa mizizi, mafuta ya kupaka, na ahadi nyingi zilizobandikwa juu ya lebo. Vitabu vyake vya kale havikuanzia hapo. Charaka Samhita, kimojawapo cha vitabu vikuu vya elimu hiyo, kinasema mwili unasimamishwa na nguzo tatu, yaani chakula, usingizi na mwenendo wa kujitawala. Dawa inafuata baadaye, nguzo hizo zikishayumba. Tena mganga wa Ayurveda anatakiwa kutazama kwanza mahali mgonjwa anapoishi, maana kinachomfaa mtu wa nyika kavu hakimfai mtu wa bondeni penye maji. Tukiichukua kanuni hiyo kwa uzito wake, basi mtu wa mji wa Kisangani, Kongo, anayetaka kuishi kwa Ayurveda hana haja ya kuagiza kitu kutoka Mumbai. Kazi yake ni kuzitazama upya desturi za Boyoma, kama mji huo unavyoitwa pia, aone zipi zinashika zile nguzo tatu, zipi zinazibomoa, kisha azitunze au aziache kwa sababu anayoweza kuieleza.

Tuanze na sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwa kuwa hakuna chakula kilicho karibu zaidi na maisha ya mji huu. Majani ya muhogo yakiliwa mabichi ni sumu. Ndani yake mmefichwa kiini cha sianidi, na kilicho karibu nacho kwenye jani hilohilo ni kimeng'enya kinachoweza kukivunja. Viwili hivyo havikutani mpaka jani lipondwe. Mama anapotwanga sombe kwenye kinu hadi iwe laini, anavikutanisha. Anapoichemsha kwa muda mrefu, sumu iliyoachiliwa inapanda na mvuke, kwani hidrojeni sianidi huchemka kwenye nyuzi 26 tu na haiwezi kuvumilia sufuria inayotokota. Halafu yanakuja mawese. Wekundu wake unatokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na karotini iliyomo ndani ya majani yenyewe haifyonzwi vizuri tumboni bila mafuta. Wahindi nao wana kanuni kwamba kila dawa iwe na kibebeo chake, samli au maziwa au asali, kitakachoifikisha inapokwenda. Bibi aliyeweka utaratibu wa kutwanga kwanza, kuchemsha sana, kisha kutia mawese hakujua jina la karotini. Alijua mpangilio, na mpangilio huo ndio unaomlinda mlaji. Anayeharakisha, akatwanga nusu na kuchemsha nusu, anabaki na jina la chakula huku faida yake imempotea. Na anayeyaunguza mawese mpaka wekundu uishe ameichoma vitamini aliyoilipia.

Kuhusu majira, Ayurveda haiwezi kuhamishwa ilivyo. Kalenda yake ina misimu sita, iliyopangwa kwa joto, baridi na monsuni za Bara Hindi, na kila msimu una vyakula vyake. Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na miezi ya Januari na Februari hupungua tu. Hapa majira yanasomwa kwenye mto na msituni. Wagenia, wavuvi wa maporomoko, hutega vikapu vyao vikubwa vya umbo la koni kwenye miti iliyosimikwa katikati ya maji yaendayo kasi, na uvuvi wao unategemea kina cha mto. Mbinzo, wale viwavi wa msituni wanaoshindana na nyama kwa protini, wana msimu wao, na soko lote linaujua. Kula kwa majira Kisangani maana yake ni samaki mbichi mto unapotoa samaki, mbinzo msitu unapotoa mbinzo, makemba, yaani ndizi za kupika, na lituma, ndizi zilizopondwa, katikati yake. Kuku aliyeganda aliyesafirishwa baharini kutoka bara jingine hana msimu wowote, na ndiye anayezidi kutawala meza za sikukuu.

Pia yako majani machungu. Kongobololo, ambayo wanasayansi huiita Vernonia amygdalina, hunywewa na watu wengi wa Kongo tumbo linapovurugika. Mwaka 1989 Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde walieleza jinsi sokwe mgonjwa katika milima ya Mahale, Tanzania, alivyokuwa akitafuna kiini cha shina la mmea huohuo na kufyonza utomvu wake, na utafiti uliofuata ulikuta ndani yake kemikali zinazodhuru minyoo. Huo ni ushahidi wa kuheshimika. Hata hivyo hautoshi kusema kongobololo inatibu malaria, na hapo ndipo mtetezi wa desturi anapaswa kujizuia. Mtoto mwenye homa kali katika vitongoji vya Mangobo au Lubunga anahitaji kupimwa damu na, malaria ikionekana, kupewa dawa ya mseto siku hiyohiyo. Majani machungu yanaweza kungoja.

Mwenye shaka atasema kwamba kujizuia huko hakutoshi, kwamba mlango ukishafunguliwa kwa mila, ujinga wote utaingia nyuma yake. Hoja hiyo ina nguvu. Nadharia ya Ayurveda ya nguvu tatu za mwili, vata, pitta na kapha, haijathibitishwa na vipimo vya kisasa. Mwaka 2004 Robert Saper na wenzake walichapisha matokeo ya kupima bidhaa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani katika eneo la Boston, Marekani: 14 zilikuwa na risasi, zebaki au arseniki. Na sisi tusiwanyoshee Wahindi kidole. Desturi ya kumwosha mtoto tumbo kwa pampu ya mpira yenye pilipili na tangawizi bado iko majumbani, na mtoto anayeharisha akifanyiwa hivyo hupoteza maji aliyobakiwa nayo na kuungua utumbo. Hiyo ni mila, ni ya kwetu, na iachwe. Ila angalia kipimo kilichotumika: tumeikataa kwa kuangalia inachofanya ndani ya mwili, kipimo kilekile kilichoipa sombe heshima yake. Anayesema mila zote ni sawa na anayesema zote ni upuuzi wameepuka kazi ileile ya kuzichunguza moja moja. Tangazo la Alma-Ata la mwaka 1978 liliwahesabu waganga wa jadi miongoni mwa wanaoweza kusaidia huduma ya msingi ya afya, kwa sharti la kufunzwa ipasavyo. Sharti hilo husahaulika kirahisi.

Makanisa ya uamsho yana pingamizi lao: majani na desturi za kale vinafungua mlango wa fetishi. Jibu linaweza kuwa fupi, kwani kumkanda kwa maji ya moto mama aliyejifungua, kumpikia uji na kumwachia siku za kulala hakuombi kitu kwa roho yoyote. Usingizi ni nguzo ya pili ya Charaka, na hakuna anayeuhitaji kuliko mama huyo.

Pingamizi zito zaidi ni la umaskini. Atachagua nini mtu anayekula mara moja kwa siku? Kumhubiria utaratibu wa mlo ni kumdhihaki. Ni kweli, na ushauri wa afya usiotaja bei ya samaki haufai kitu. Lakini uhaba haukuwanyima watu wa Kisangani kila kitu. Wakati wa vita vya Kongo, barabara zikiwa zimekufa na petroli haipatikani, mji uliendeshwa na toleka, baiskeli za kubeba abiria, na vijana wengi walikula kwa jasho la miguu yao. Pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya nafasi ya baiskeli hizo kwa sababu nzuri za mwendo na kipato, na hakuna haja ya kuililia shida ile. Bado mwili uliopoteza mwendo wa kila siku, huku ukiongezewa soda na vipande vya viungo vyenye chumvi nyingi, unaelekea kwenye presha na kisukari, magonjwa ambayo matibabu yake ni ya maisha yote. Kutembea hadi sokoni, kula mboga za majani kama bitekuteku na ngai-ngai badala ya kuongeza mkate mweupe, hakuongezi gharama ya siku.

Gharama iliyofichika iko kwingine. Karibu desturi zote nilizozisifu zinafanywa na wanawake: kutwanga, kuchemsha kwa saa nyingi, kutafuta kuni au makaa, kumkanda mzazi. Anayedai utaratibu wa kale bila kuuliza mikono ya nani itaufanya anamwongezea mzigo mama ambaye tayari anauza sokoni tangu alfajiri, na anamnyima yeye mwenyewe ile nguzo ya usingizi. Mashine za kusaga sombe sokoni ni jibu la haki kwa swali hilo. Zinavunja jani sawasawa na kinu, huenda vizuri zaidi, na hazipunguzi chochote katika kanuni, mradi sombe iliyosagwa ichemshwe muda uleule na sufuria isifunikwe. Kilichobaki ni moto, na moto wa makaa Kisangani unazidi kuwa ghali kadiri msitu ulio karibu na mji unavyokatwa. Kaya inayopunguza makaa hupunguza kwanza muda wa kuchemsha, kwa hiyo jiko linalobana makaa lihesabiwe miongoni mwa mahitaji ya afya, pamoja na chandarua na maji safi, na baba wa nyumba awe wa kwanza kulitolea pesa.