Dola 60 kwa Mwaka: Nani Aliyelipa Zilizobaki?

Mwaka 1837, binti wa mkulima huko Massachusetts, Marekani, aliweza kula, kulala na kusoma mwaka mzima katika seminari mpya ya Mount Holyoke kwa dola 60 hivi. Ilikuwa karibu theluthi ya ada ya shule ya wasichana ya Ipswich, ambako mwanzilishi wa Mount Holyoke, Mary Lyon, aliwahi kufundisha. Ada ndogo kiasi hicho lazima iwe na mtu anayeibeba.

Lyon alianza kwa kuomba michango. Alizunguka na mkoba wake wa mahameli ya kijani, na watu zaidi ya 1,800 katika miji na vijiji 90 wakaahidi dola 27,000. Kwa wastani ni dola 15 kila mmoja, ingawa walikuwepo waliotoa dola 1,000, na kuna aliyetoa senti sita. Michango hiyo ikasimamisha jengo, ada ikabaki kwa ajili ya chakula, kuni na walimu.

Lakini wanafunzi 80 wa kwanza wakilipa dola 60 kila mmoja, jumla ni dola 4,800. Ukiajiri wapishi na wafagizi, hazibaki. Basi kila msichana alifanya kazi saa moja hivi kwa siku: kuoka mikate, kuosha vyombo, kudeki. Jumla ni saa 80 kila siku, sawa na vibarua wanane wanaofanya kazi saa kumi. Mshairi Emily Dickinson, aliyeingia hapo mwaka 1847, alipangiwa kazi ya kuosha visu. Masomo hayakulegezwa kwa sababu ya kazi hizo. Kuhitimu kulidai masomo saba ya sayansi na hisabati, sharti ambalo seminari nyingine za wasichana hazikuwa nalo.

Kinachonisumbua ni mishahara. Lyon alijilipa dola 200 hivi kwa mwaka, na walimu wake nao walipata kidogo. Mwalimu mwenzake mashuhuri, Catharine Beecher, alimpinga kwa hilo. Namuunga mkono Beecher: mwanamke msomi akikubali ujira duni, waajiri watauzoea. Hata hivyo, sioni njia nyingine ambayo ingefungua milango ile mwaka ule.

Seminari ilipata hadhi ya chuo mwaka 1888. Leo chuo hicho kina wanafunzi 2,200 hivi, na gharama iliyotangazwa, malazi na chakula vikiwemo, imepita dola 80,000 kwa mwaka. Mchango wa senti sita umerithiwa na mfuko wa uwekezaji wa karibu dola bilioni moja. Vyuo vya namna hii kwa kawaida hutumia asilimia 4 hadi 5 ya mfuko kila mwaka. Hapa ni kama dola 18,000 hadi 23,000 kwa kila mwanafunzi. Ndiyo maana wengi hawalipi bei kamili, na familia isiyo na uwezo inapaswa kuuliza kwanza kiasi cha ruzuku kabla ya kuikimbia ile 80,000.