Seva ya Nyumbani na Amana ya Sauti

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Mwezi huu napenda kuwasimulia khabari ya chombo kidogo, ukubwa wake haupiti kiganja cha mkono, kilichokaa juu ya rafu katika chumba chetu cha kusomeshea hapa Bariadi. Hakina kioo cha kutazamia wala vitufe vya kuandikia. Mgeni akiingia hudhani ni kisanduku cha taa. Lakini ndani yake mna darasa za tafsiri na fiqhi za mwalimu wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, na kila mtoto mwenye simu akaaye karibu nacho aweza kuzisikiliza bila ya kununua bando. Mafundi huita chombo cha namna hii seva. Nitaeleza jinsi tulivyokitia programu ya kukiendesha, na kosa nililolifanya siku ya kwanza, ili asije mwingine akalirudia.

Simiyu ilifanywa mkoa mwaka 2012, ilipotengwa na Shinyanga, na Bariadi ndiyo makao makuu yake. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, nchi ya Wasukuma. Waislamu humu si wengi, na mwalimu wangu alikuja huku kutoka mbali, kwa njia ya Tabora na Mwanza. Kwa ajili hiyo kanda za kaseti zilikuwa kwetu madrasa ya pili. Alipokuwa akisomesha, tuliweka redio mbele yake tukanasa sauti yake. Na hata alipofariki, zikabaki kanda 24.

Miaka ikapita, nazo zikaanza kuota ukungu na kukatika. Kijana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wangu, naye sasa ni fundi wa kompyuta, akazihamisha zote katika flashi moja. Kanda nyingi zilikatika pale pale, baada ya kuchezwa kwa mara ya mwisho. Basi darasa hizo zikawa zimebaki pahala pamoja tu, na hapo ndipo tulipoazimia kuweka seva.

Chombo tulichokinunua ni kile kiitwacho Raspberry Pi, kilichoanza kuuzwa mwaka 2012. Wenye kukibuni, watu wa Cambridge huko Uingereza, walikusudia watoto wajifunze elimu ya kompyuta kwa gharama ndogo. Umeme wake ni wati chache tu. Programu yake yatokana na Linux, aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, nayo ni halali kwa kila mtu kuitumia na kuigawa bila ya malipo. Lakini chombo hiki hakizaliwi na akili ndani yake. Hununuliwa kitupu, na programu huandikwa kwanza katika kadi ndogo ya kumbukumbu kwa kutumia kompyuta nyingine, kisha kadi ikatiwa ndani yake.

Siku hiyo fundi wetu alikaa na kompyuta yake mpakato, alasiri. Upande mmoja alichomeka kadi mpya, na upande wa pili ile flashi yenye darasa, kwa kuwa tulitaka kuzihamisha usiku ule ule. Zote mbili ujazo wake ulikuwa GB 32. Programu ya kuandikia ikauliza: niandike wapi? Ikaonya kwamba vyote vilivyomo vitafutwa. Kijana akasita, akataka kuchomoa kimoja ahakikishe. Mimi nikamwambia, "Fanya haraka, mwanangu, Magharibi inakaribia." Akanitii, kwa kuwa mimi ni mwalimu wake. Akachagua, akabonyeza.

Tuliporudi kutoka kusali tukakuta kadi ingali tupu. Programu ilikuwa imeandikwa juu ya sauti ya mwalimu wangu.

Kijana alilia. Nami nakiri mbele yenu kwamba kosa halikuwa lake. Alitaka kuhakikisha, nami nikamzuia, na dini yetu imetufundisha tangu utotoni kwamba utulivu ni katika neema za Mwenyezi Mungu, na haraka ni mlango wa Shetani. Hata sala yenyewe hatukuamrishwa kuiendea mbio.

Alhamdulillahi, fundi hakuigusa tena ile flashi ila kwa programu ya kufufua mafaili. Programu tuliyoiandika ilikuwa imefunika sehemu ya mwanzo tu, kwa hiyo darasa 15 zilizokuwa mbele yake zikapatikana. Darasa 4 tulizitoa tena katika kanda zilizokuwa bado zacheza. Darasa 3 zilikutwa katika simu ya mwanafunzi mmoja wa Maswa, aliyejinakilia bila ya kumwambia mtu; nasi tukamwombea kheri. Zikabaki 2, nazo hazijapatikana hata leo. Ni tafsiri ya Sura ya Luqman, pale alipoeleza wasia wa baba kwa mwanawe.

Baada ya wiki tatu tukaanza upya, na mara hii kwa utaratibu. Kwanza tulichomoa kila kitu katika kompyuta isipokuwa ile kadi tupu. Pili, tulihakiki faili la programu lenyewe. Watengenezaji hutangaza pamoja nalo alama ya herufi na tarakimu 64, itokanayo na yaliyomo ndani ya faili; likibadilika jambo dogo tu ndani yake, alama huwa nyingine kabisa. Fundi akailinganisha alama ile na ya faili tulilolipakua, zikaafikiana. Nikamkumbuka Zayd bin Thabit, Mwenyezi Mungu amridhie, alipoikusanya Qur'ani katika ukhalifa wa Sayyidna Abubakar (632–634), baada ya mahafidhi wengi kuuawa katika vita vya Yamama. Yasimuliwa kwamba hakuyapokea maandishi mpaka yashuhudiwe na watu wawili, ilhali yeye mwenyewe alikuwa amehifadhi. Kama yeye alihakiki, sisi ni nani tusihakiki?

Tatu, na hili ndilo lenye siri ya seva isiyo na kioo, tuliandika mapema kila jambo litakalohitajika. Kompyuta ya kawaida hukuuliza jina lako na neno lako la siri nawe ukajibu. Hii haina pa kukuulizia. Kwa hiyo kabla ya kuandika kadi tuliweka jina la chombo, jina la mtumiaji, neno la siri, jina la Wi-Fi yetu na neno lake, tena tukafungua mlango uitwao SSH, ambao kwao kompyuta nyingine huingia na kutoa amri. Ukisahau jambo katika hayo, chombo chaweza kuwaka nawe usiweze kusema nacho. Ni kama msafiri aliyeondoka bila ya wasia. Huwezi kumfuata njiani.

Huo mlango wa SSH ulibuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen, naye pia ni mtu wa Helsinki, baada ya wezi kunasa maneno ya siri yaliyokuwa yakipita wazi katika mtandao wa chuo chake. Ni mlango mwema, lakini yapasa ufunguo wake uwe wako peke yako. Mwaka 2016 uharibifu ulioitwa Mirai uliteka vyombo vingi duniani vilivyoachwa na maneno ya siri ya kiwandani. Mwaka ule ule watengenezaji wa Raspberry Pi wakaamua mlango huo uwe umefungwa mpaka mwenyewe aufungue, na mwaka 2022 wakaliondoa jina na neno la siri lililokuwa moja kwa watu wote. Enyi vijana, neno la siri la nyumba ni amana. Asiyemwachia mpita njia ufunguo wa mlango, kwa nini amwachie huu?

Tukaitia kadi, tukaunga umeme. Taa ndogo ya kijani ikaanza kupepesa, wala hapana lililotokea. Zikapita dakika mbili, zikapita tatu. Nikanyosha mkono nichomoe waya, nikidhani kimekwama. Kijana akaushika mkono wangu kwa adabu, akasema, "Maalim, tusubiri. Sasa kinajipanga, ukikikatia umeme kadi yaweza kuharibika." Nikarudi nyuma, nikakaa. Mara hii mwanafunzi alimfundisha mwalimu wake, naye mwalimu akasikia. Kisha akakiita kwa jina kutoka kompyuta yake, kikaitika.

Jambo la mwisho ni nakala. Sayyidna Uthman (644–656) hakuuacha msahafu mmoja Madina akatosheka. Aliamrisha nakala zipelekwe Kufa, Basra na Sham. Nasi darasa hizi sasa zimo katika seva, katika diski iliyowekwa nyumba nyingine, na kwa yule mwanafunzi wa Maswa. Tena tumeiwekea seva betri ya akiba, kwa kuwa umeme hukatika ghafla, khasa msimu wa mvua.

Wazazi, mkiwa nyumbani na sauti za wazee wenu katika simu moja, zinakilini leo kabla ya kulala. Na nyinyi vijana wenye ujuzi huu, mkubwa akikuhimizeni mahali pa kuhakiki, mwambieni kwa upole asubiri. Huko si kumvunjia heshima.

Mimi nimeisomesha tena Sura ya Luqman kwa yale niliyoyakumbuka, na watoto wameitia katika seva. Lakini sauti iliyomo ni yangu, si yake. Mwenyezi Mungu amrehemu mwalimu wetu, na atusamehe haraka yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.